Hideo Nomo: Mrushaji wa Japani aliyestaafu ili apate kucheza

Januari 1995, kijana wa miaka 26 aliyekuwa nyota mkubwa wa besiboli nchini Japani alitangazwa kuwa amestaafu. Hakuwa amechoka na mchezo. Alistaafu kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee aliyoiona ya kuondoka katika klabu yake na kwenda kucheza Marekani. Miezi minne baadaye alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa San Francisco, mpira mkononi, huku Japani nzima ikimtazama.

Jina lake ni Hideo Nomo. Tukitaja besiboli hewani, tunajua wasikilizaji wetu wengi hujiuliza mchezo huo unachezwaje na unatuhusu nini. Katika makala haya tunaeleza yote mawili: mchezo wenyewe kwa lugha nyepesi, na maisha ya mtu aliyeufungulia mlango wa Marekani kwa Wajapani wote waliomfuata. Ndani yake kuna habari ya mikataba, ya mwili wa mfanyakazi unaotumiwa kupita kiasi, na ya uamuzi mgumu ambao wengi waliuona ni wazimu.

Kwanza, besiboli ni mchezo gani?

Timu mbili zenye wachezaji tisa tisa hupokezana kushambulia na kulinda. Mchezo una raundi tisa, na katika kila raundi kila timu hupata zamu yake ya kupiga.

Mapambano makubwa ni ya watu wawili. Mmoja ni mrushaji, anayesimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya uwanja. Mwingine ni mpigaji, anayesimama mita 18 na nusu hivi kutoka hapo akiwa ameshika rungu. Mrushaji anatupa mpira mdogo mgumu, wenye uzito wa gramu 145 hivi, kwa kasi inayoweza kuvuka kilomita 140 kwa saa. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua apige au auache.

Akiupiga vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne vya uwanja. Akirudi alipoanzia, timu yake inapata pointi. Akiupiga mbali ukavuka uzio, anazunguka vituo vyote bila kusumbuliwa. Hilo huitwa homarani.

Mrushaji naye ana silaha yake. Mpigaji akikosa mpira, au akiuacha upite mahali alipopaswa kuupiga, anahesabiwa straiki. Straiki tatu, anatoka. Lakini mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo hilo, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu inahamia upande wa pili.

Kwa hiyo mrushaji mzuri ni mtu mwenye nguvu, shabaha na hila. Nomo alikuwa na nguvu na hila nyingi. Shabaha wakati mwingine ilimkimbia, na tutaona gharama yake.

Kijana wa Osaka

Nomo alizaliwa Agosti 31, 1968, mjini Osaka. Japani besiboli ina nafasi ambayo kwetu inashikwa na soka. Ilifika huko katika karne ya 19 na kuota mizizi shuleni. Kila majira ya joto shule za sekondari za nchi nzima hugombea nafasi ya kucheza mashindano ya taifa kwenye uwanja wa Koshien, uliofunguliwa mwaka 1924 jirani na Osaka. Kijana akifika Koshien, kijiji chake chote hukaa mbele ya televisheni. Jina hilo limefika hata kwetu: uwanja wa besiboli uliopo Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, unaitwa Koshien pia.

Nomo hakufika Koshien. Shule yake haikuwa na jina katika besiboli, na alipomaliza masomo hakuingia moja kwa moja katika timu ya kulipwa. Aliajiriwa na kampuni ya chuma ya mjini Sakai, kusini mwa Osaka, na kuchezea timu ya kampuni hiyo. Huo ni utaratibu wa kawaida Japani: makampuni makubwa huwa na timu zao za wafanyakazi, na kutoka humo wengi hupanda hadi ligi ya kulipwa.

Akiwa huko alijifunza mpira uliokuja kumtajirisha. Mrushaji anaubana mpira katikati ya kidole cha shahada na cha kati, kama jiwe lililokaa kwenye panda ya manati. Ukitoka mkononi unaonekana kama mpira wa kawaida wa kasi, lakini ukimkaribia mpigaji unadondoka ghafla, naye anabaki kupiga hewa. Inasimuliwa kwamba Nomo alikuwa akilala usiku na mpira umefungwa katikati ya vidole vyake ili vizoee kutanuka.

Jambo la pili lilikuwa mtindo wake wa kurusha. Alinyanyua mikono juu kabisa ya kichwa, akajinyoosha, kisha akauzungusha mwili mpaka mgongo wake ukamwelekea mpigaji. Hapo alitulia kidogo, halafu akajifungua kwa nguvu zote na kuachia mpira. Wajapani waliuita mtindo huo Tornado, jina la kimbunga kinachozunguka kama kisulisuli, ila kikubwa cha kung'oa nyumba. Mpigaji hakuuona mpira hadi dakika ya mwisho.

Mwaka 1988 alikuwa katika timu ya Japani iliyopata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Seoul. Baada ya hapo kila klabu ilimjua.

Klabu nane, kijana mmoja

Japani ina klabu 12 za kulipwa, zilizogawanywa katika ligi mbili za klabu sita sita. Mchezaji chipukizi hachagui klabu. Kila mwaka klabu hutaja majina ya vijana zinaowataka, na zikigongana juu ya jina moja, kura hupigwa. Mwishoni mwa 1989 klabu nane kati ya 12 zilimtaja Nomo. Kura ikaiangukia Kintetsu Buffaloes, timu ya kampuni ya reli ya huko huko kwao Osaka.

Nomo alikubali, akaweka sharti moja: makocha wasiguse mtindo wake wa kurusha. Kocha mkuu wa wakati huo, Akira Ogi, alikubali. Huo ulikuwa uungwana wa pekee katika nchi ambayo kocha husema na mchezaji hutii.

Matunda yalionekana mapema. Aprili 1990, katika ushindi wake wa kwanza, aliwatoa wapigaji 17 kwa straiki katika mchezo mmoja. Msimu ulipokwisha alikuwa ameshinda michezo 18 na kuwatoa wapigaji 287. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, mchezaji bora chipukizi, na akapewa tuzo ya Sawamura, heshima kubwa kuliko zote kwa warushaji wa Japani. Yote katika mwaka mmoja, mwaka wake wa kwanza.

Wala haikuwa bahati ya msimu mmoja. Kwa miaka minne mfululizo, 1990 hadi 1993, aliongoza ligi yake kwa idadi ya ushindi na pia kwa idadi ya wapigaji aliowatoa kwa straiki.

Bega na mipira 191

Mwaka 1993 Kintetsu ilipata kocha mpya, Keishi Suzuki. Suzuki mwenyewe alikuwa gwiji: aliwahi kushinda michezo 317 akiwa mrushaji wa klabu hiyo hiyo. Aliamini mkono huimarika kwa kurusha sana, na maumivu ni sehemu ya kazi. Nomo aliamini anaujua mwili wake na anastahili kupanga mazoezi yake. Wawili hawa hawakupatana.

Mchezo wa kwanza wa msimu wa 1994 ulikuwa ishara. Nomo alicheza raundi nane dhidi ya Seibu Lions bila kuruhusu pigo hata moja. Katika raundi ya tisa mambo yakaanza kuharibika, kocha akamtoa. Mrushaji aliyechukua nafasi yake akapigwa homarani iliyoingiza pointi nne, na Kintetsu ikapoteza mchezo.

Julai 1 mwaka huo yakatokea makubwa zaidi. Dhidi ya Seibu hao hao, shabaha ya Nomo ilimkimbia kabisa. Aliwatembeza wapigaji 16 bure. Kwa kawaida mrushaji wa namna hiyo hutolewa mapema, lakini Suzuki alimwacha hadi mwisho. Nomo alirusha mipira 191 katika mchezo huo mmoja, na timu yake ikashinda.

Ili tuelewe uzito wa namba hiyo: siku hizi katika ligi kuu ya Marekani, mrushaji akikaribia mipira 100 kocha huanza kuandaa mwingine. Bega la mrushaji ni kama kamba ya kisima. Haikatiki siku ya kwanza, lakini kila ndoo inaichubua kidogo. Mwaka huo bega la Nomo lilimsumbua, msimu wake ukakatika, na akamaliza na ushindi wa michezo minane tu.

Mwanya katika mkataba

Hapa ndipo habari ya Nomo inapoacha kuwa ya michezo tu.

Mchezaji wa Japani wakati huo alikuwa amefungwa na klabu yake. Utaratibu mpya wa kumruhusu mchezaji kuwa huru ulikuwa umeanza mwaka 1993, lakini ulimtaka atumikie misimu kumi kwanza. Nomo alikuwa na misimu mitano. Kwa hesabu hiyo angekuwa huru akiwa na zaidi ya miaka 30, na bega lake lingekuwa la namna gani hakuna aliyejua.

Zaidi ya hapo kulikuwa na kovu la zamani. Mwaka 1964 klabu ya Nankai Hawks ilimpeleka kijana Masanori Murakami Marekani kujifunza, na San Francisco Giants wakampandisha hadi timu yao kubwa. Alikuwa Mjapani wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani. Klabu mbili hizo zikagombana juu ya nani mwenye mchezaji. Murakami alicheza Marekani hadi mwisho wa 1965, kisha akarudi nyumbani. Baada ya ugomvi ule, nchi hizo mbili zilikubaliana kuheshimu wachezaji wa kila upande. Kwa miaka 30 hakuna Mjapani mwingine aliyevuka.

Nomo alikuwa na wakala, Don Nomura, mzaliwa wa Tokyo mwenye baba Mmarekani na mama Mjapani. Nomura alifanya jambo ambalo wachezaji wengi hawakulifanya: alikaa na kuisoma mikataba na kanuni neno kwa neno. Akakuta kifungu juu ya mchezaji anayestaafu kwa hiari. Kanuni ilisema mchezaji wa namna hiyo akitaka kurudi uwanjani Japani, ni lazima arudi klabu yake ya zamani. Juu ya kucheza nje ya Japani haikusema kitu cha kumzuia.

Mwishoni mwa 1994 Nomo alikwenda mezani na klabu. Aliomba mkataba wa miaka kadhaa, na akataka wakala wake azungumze kwa niaba yake. Klabu ilikataa yote mawili. Basi, wakasema Nomo na wakala wake, tunastaafu. Viongozi wa Kintetsu wakamwandikia kuwa amestaafu kwa hiari, pengine wakiamini atarudi kuomba radhi. Walipofahamu maana ya karatasi ile, kijana alikuwa ameshawatoka mikononi.

Lawama zilikuwa nyingi. Baadhi ya magazeti yalimwita mbinafsi na msaliti. Wapo waliosema mkataa pema pabaya panamwita: ameacha heshima na mshahara mzuri, akaenda kujaribu bahati kwa Wamarekani wenye miili mikubwa, na bega lenyewe bovu. Tena kanuni ilikuwa imemfungia mlango nyuma yake. Kama angeshindwa Marekani, Japani angeweza kurudi Kintetsu tu, kwa watu wale wale aliogombana nao.

Februari 1995 Los Angeles Dodgers walimsaini na kumlipa dola milioni 2 za kuanzia.

Mei 2, 1995

Nomo alifika Marekani wakati besiboli ya huko ilikuwa imechafuka. Agosti 1994 wachezaji walikuwa wamegoma kwa sababu ya mgogoro wa mishahara na wamiliki. Mgomo uliendelea hadi Aprili 1995, na fainali za ubingwa za 1994 zikafutwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1904. Mashabiki walikasirika. Wengi waliona wachezaji na wamiliki wote ni matajiri wanaogombea fedha, na viti vingi vikabaki vitupu.

Katika hali hiyo, Mei 2, Nomo alipanda kichuguu cha uwanja wa Candlestick Park, San Francisco. Alicheza raundi tano, akaruhusu pigo moja tu, akawatoa wapigaji saba kwa straiki, na hakufungwa pointi. Dodgers baadaye walipoteza mchezo katika raundi za nyongeza, lakini habari ya siku hiyo ilikuwa moja tu.

Japani ilisimama. Mchezo unaoanza saa 1 jioni California, Tokyo ni saa 5 asubuhi ya siku inayofuata, na kwetu Afrika Mashariki ni saa 11 alfajiri. Wajapani walikuwa kazini, lakini televisheni zilirusha michezo yake moja kwa moja, na watu walisimama mitaani chini ya skrini kubwa kumtazama. Wale wale waliomwita msaliti sasa walihesabu straiki zake.

Juni mwaka huo aliwatoa wapigaji 16 katika mchezo mmoja dhidi ya Pittsburgh. Julai alichaguliwa kuanza kama mrushaji katika mchezo wa nyota wa ligi zote mbili. Alimaliza msimu na ushindi wa michezo 13 dhidi ya vipigo sita, akaongoza ligi yake kwa kuwatoa wapigaji 236, na akatangazwa mchezaji bora chipukizi. Mashabiki wa Los Angeles, Wajapani kwa Wamarekani, walijaza uwanja kila zamu yake ilipofika. Wengi husema yeye ni mmoja wa watu walioirudishia besiboli ya Marekani uso wake baada ya mgomo.

Mvua ya Denver

Kuna michezo miwili katika maisha yake ambayo kila mpenda besiboli anaikumbuka.

Wa kwanza ni wa Septemba 17, 1996, mjini Denver, dhidi ya Colorado Rockies. Denver iko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, mpira ukipigwa unaruka mbali, na warushaji wanauogopa uwanja ule kama wavuvi wanavyoogopa bahari ya kusi. Usiku huo mvua ilinyesha na mchezo ukachelewa kuanza. Udongo wa kichuguu ulikuwa unateleza, Nomo akashindwa kuzungusha mwili wake kwa ule mtindo wa kimbunga. Akauacha katikati ya mchezo, akarusha kwa mwendo mfupi. Rockies hawakupata pigo hata moja kwa raundi zote tisa. Dodgers walishinda 9 kwa 0.

Wa pili ni wa Aprili 4, 2001, mjini Baltimore. Nomo alikuwa amehamia Boston Red Sox, na huo ulikuwa mchezo wake wa kwanza wa ligi akiwa na timu hiyo. Kwa mara nyingine wapinzani hawakupata pigo, na Boston ikashinda 3 kwa 0. Kwa kuwa Dodgers wako ligi moja na Red Sox wako ligi nyingine, Nomo aliingia katika orodha ya watu wanne tu hadi wakati huo waliofanya jambo hilo katika ligi zote mbili za Marekani. Wengine ni Cy Young, Jim Bunning na Nolan Ryan, wote majina ya kuheshimiwa.

Kuachwa na kurudi

Kati ya michezo hiyo miwili kulikuwa na miaka ya taabu, na tunaona hii ndiyo sehemu inayomweleza vizuri zaidi.

Mwishoni mwa 1997 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mwaka 1998 ulianza na furaha ndogo: Aprili alipiga homarani, ya kwanza kupigwa na Mjapani katika ligi kuu ya Marekani, na aliyeipiga ni mrushaji ambaye kazi yake si kupiga. Lakini mkono haukuwa ule wa zamani. Juni Dodgers walimbadilisha kwa New York Mets. Kabla ya msimu wa 1999 kuanza, Mets wakamwacha. Chicago Cubs wakamjaribu katika timu zao ndogo, hawakumpandisha. Miaka minne baada ya nchi nzima kusimama kumtazama, Nomo hakuwa na timu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Milwaukee Brewers walimchukua, akawashindia michezo 12. Akaenda Detroit mwaka 2000, kisha Boston 2001, ambako aliongoza ligi kwa kuwatoa wapigaji 220. Mwaka 2002 alirudi kwa Dodgers, na katika misimu miwili mfululizo akashinda michezo 16 na 16.

Kisha bega. Alifanyiwa upasuaji baada ya msimu wa 2003, na 2004 ukawa mwaka mbaya kuliko yote: ushindi mara nne, vipigo 11. Mwaka 2005, akiwa na Tampa Bay, Juni 15 alipata ushindi wake wa 200 ukijumlisha Japani na Marekani. Mwezi uliofuata timu hiyo ikamwacha.

Wengine wangeishia hapo na kwenda kula fedha zao. Nomo aliendelea kutafuta. Alicheza timu ndogo za Marekani, akaenda hadi Venezuela kucheza ligi ya huko, na Aprili 2008, akiwa na miaka 39, Kansas City Royals wakampa nafasi. Alipanda mara tatu tu, akapigwa sana, akaachwa. Julai 2008 alistaafu, safari hii kweli. Alieleza kwamba wapo wanaostaafu wakiwa wameridhika, lakini yeye bado alikuwa na majuto.

Mlango aliouacha wazi

Mwanya ule wa kanuni haukudumu. Wachezaji wengine walipoanza kuutumia, Japani na Marekani zilitengeneza utaratibu mpya mwaka 1998: klabu ya Japani inaweza kumruhusu mchezaji aende Marekani kabla ya muda wake, nayo inalipwa fedha. Kwa njia hiyo Ichiro Suzuki alikwenda Seattle mwaka 2001. Baadaye wakafuata warushaji Daisuke Matsuzaka, Yu Darvish na Masahiro Tanaka. Shohei Ohtani alifika 2018, na Desemba 2023 akasaini na Dodgers, klabu ile ile ya Nomo, mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 700.

Fedha hizo ni nyingi kuliko alizowahi kuota Nomo. Lakini aliyekwenda bila njia ya kurudi alikuwa yeye.

Nyumbani nako walimsamehe. Januari 2014 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa besiboli wa Japani mara ya kwanza jina lake lilipopigiwa kura, akiwa na miaka 45, mdogo kuliko yeyote aliyemtangulia. Marekani hakupata kura za kutosha kwa ukumbi wa huko. Mjapani wa kwanza kuingia huko ni Ichiro, mwaka 2025.

Nomo mwenyewe alikuwa amekumbuka alikotoka. Uchumi wa Japani ulipoyumba, makampuni mengi yalifunga timu zao za wafanyakazi, na vijana kama alivyokuwa yeye wakakosa pa kucheza. Mwaka 2003, akiwa bado mchezaji, alianzisha klabu yake ya ridhaa huko Sakai, mji ule ule alikofanya kazi katika kampuni ya chuma, ili kijana ambaye hakufika Koshien apate nafasi ya pili.

Tunabaki na nini?

Wazazi wengi wanaotusikiliza wana vijana wanaosakata soka, wanaokimbia, wanaoitwa na timu za mjini. Huletewa karatasi wakaambiwa tia sahihi hapa. Habari ya Nomo inatukumbusha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mkataba husomwa wote, hata vifungu vidogo vya chini, na asiyeweza kuusoma amtafute anayeweza kabla ya kutia sahihi. Kifungu kimoja kilimfunga Nomo, na kifungu kingine kilimfungua. La pili ni kwamba mwili wa mchezaji ndio shamba lake. Kocha anayelilima bila kulipumzisha atavuna leo, na mwenye shamba atakosa kesho.

Nomo kwa ufupi

- 1968: Anazaliwa Osaka, Agosti 31.
- 1988: Medali ya fedha ya Olimpiki, Seoul.
- 1990–1994: Kintetsu Buffaloes. Ushindi 78, vipigo 46, wapigaji 1,204 watolewa kwa straiki.
- 1995: Anajiunga na Los Angeles Dodgers. Mchezaji bora chipukizi wa ligi yake.
- 1996 na 2001: Michezo miwili bila wapinzani kupata pigo, Denver na Baltimore.
- 2003: Anaanzisha klabu ya ridhaa mjini Sakai.
- 2005: Ushindi wa 200, Japani na Marekani kwa pamoja.
- 2008: Anastaafu. Jumla ya Marekani: ushindi 123, vipigo 109, wapigaji 1,918 watolewa kwa straiki.
- 2014: Ukumbi wa heshima wa Japani.